Aliyetufundisha Maneno ya Kukutana

Watu wa mtaa wetu wa Bondeni wa miaka ile nawakumbuka wote kwa majina. Rasoa Ayuma wa nyumba ya kona, Dinah Kavere aliyelea watoto wa Wazungu, Marita Adisa wa kwaya, Nyambura wa Ng'ang'a, mpaka Zakayo mlinzi wa stesheni ambaye alikula ugali akiwa amesimama kama anafukuzwa. Mmoja tu ndiye nitamwita vile tulivyomwita wakati ule, Mkalimani, kwa sababu wajukuu wake wako mjini hapa mpaka leo na wengine wao hunisalimia vizuri. Alizaliwa wapi, baba yake nani, sikuwahi kujua. Hakuwa mtu wa kuulizwa.

Kazi yake ilikuwa kortini. Kikikuyu kilikuwa kinywani mwake kama cha mama yake, Kimaragoli changu alikisema mpaka nikamdhania wa kwetu, Kinandi alikuwa nacho, Kiswahili, na hicho Kiingereza ambacho ndicho kilimlisha. Mwafrika akiletwa mbele ya hakimu Mzungu, yeye husimama katikati yao, anachukua huku anapeleka huko. Kila siku ya kesi aliapa kwa Biblia kwamba hataongeza neno wala hatapunguza, na alipenda kutuambia hivyo, kama vile mtu mwingine anavyopenda kukuambia ameokoka.

Alikuwa mwembamba, mwenye koti la rangi ya majivu ambalo viwiko vyake vilitiwa viraka vya ngozi, na viraka hivyo alivishona mwenyewe kwa sababu hakuamini mkono wa fundi. Alitembea katikati ya barabara, mbali na kuta za pande zote mbili. Mbwa akibweka alisimama tuli mpaka mwenye mbwa atoke. Vumbi jeupe la ziwani likipanda, sisi wengine tulifunika macho, yeye alifunika kinywa. Dinah alipomcheka, alimjibu kwamba jicho likiingia vumbi linaoshwa, lakini kinywa ndicho jembe lake. Chai alikunywa bila sukari, akisema sukari inalaza ulimi. Mimi niliamini hilo kwa muda mrefu, nikamnyima mume wangu sukari, mpaka mume wangu akataka kujua ni nani amenifundisha upuuzi.

Nami nilikuwa bado mke mgeni. Nilikuwa nimekuja na treni kutoka Maragoli nikiwa na mtoto mmoja, Ezra, kumfuata mume wangu aliyekuwa kwenye reli, nikapewa chumba kimoja katika nyumba za kanju, yaani za baraza la mji. Shule nilisoma kidogo tu, kiasi cha kujua kuandika jina na kusoma Zaburi kwa kidole. Kiingereza nilikipata mferejini.

Hapo mferejini ndipo alipotufundisha. Jumamosi mchana wanawake walikuwa pale kwenye bomba la estate na nguo zao, naye akirudi kutoka kazini alipindua karai la mtu, akatandika kitambaa, akaketi. Alituita Bibi, kila mmoja, hata mimi niliyekuwa nimefunga leso kuukuu na povu mpaka kwenye viwiko. Wanaume wetu aliwaita wewe. Alianza kwa sababu Dinah alimwomba amsaidie kumjibu memsahib wake, yule mama wa Kizungu aliyemwajiri. Baadaye tukawa tunafua pole pole ili asimalize upesi.

Angeweza kutufundisha majina ya vyombo vya jikoni. Lakini alikuwa na jambo moja lililomkaa moyoni, na alilirudia kila Jumamosi kwa njia mpya. Alisema Mwafrika akitaka kusema amekutana na wenzake ana neno lake moja, analibeba kila mahali, kanisani, sokoni, kilabuni. Mzungu hana moja. Mzungu ana kabati zima, na anachagua kama anavyochagua nguo. Kuna "assemble", hilo ni la askari na watoto wa shule, watu wanaopangwa na mtu mwingine. Kuna "meeting", hilo lina mwenyekiti ndani yake, na kwa siku hizi, Bibi, hilo msiliguse hata kwa kijiti. Kuna "meet", halina chumvi wala sukari, unaweza kukutana nalo na rafiki au na simba. Halafu kuna "get together", hilo lina chai. Na kuna "pop in", kupitia mara moja, hilo ni la mtu ambaye anajua sukari inawekwa wapi.

"Neno jepesi halibishi hodi kwa ngumi," alituambia. "Mzungu akisikia neno la nyumbani kwake, mkono unatoka kwenye bunduki."

Siku hizi zenyewe mnajua ni zipi. Ilikuwa Emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya Wazungu. Watu kukusanyika bila kibali ilikuwa kosa, na kwa Wakikuyu hata kusimama pamoja dukani ilikuwa inaanza kufanana na kosa. Usiku kulikuwa na kafiu, hakuna kutoka nje. Asubuhi ungeamka ukute nyumba ya tatu kutoka kwako ina kufuli na hakuna anayesema waliokuwa ndani wamepelekwa wapi. Kwa hiyo somo lake halikuwa mchezo, ingawa tulilicheka. Alikuwa anatupa kitu cha kujifunikia.

Na kilifunika. Dinah alitaka dada yake aje kumwona huko kwa memsahib, akamwambia yule mama kwamba dada yake atafanya "pop in" Jumapili. Memsahib akacheka mpaka akaketi. Akaita wageni wake, akamfanya Dinah arudie mbele yao, mara ya pili, mara ya tatu, kama kasuku. Lakini dada alikuja, akapewa chai na kipande cha keki, na hakuna aliyemuuliza pasi ya kutembea. Tangu siku hiyo Dinah tulimwita Popini. Tena Erasto, mkubwa wa kwaya, alikuwa amenyimwa ruhusa ya kufanya mazoezi kwa sababu alikwenda ofisini akasema anataka "meeting" ya waimbaji. Mkalimani akamwambia arudi, avue kofia, aseme wanataka tu "get together" waimbe kidogo. Akapewa, na yule ofisa akamuuliza kama wataimba za Krismasi. Mambo kama hayo yakimpata mtu mara mbili, tatu, anaanza kuona amegundua dawa.

Sasa, mtu huyo aliyejua maneno yote ya watu kuwa pamoja hakuwa na mgeni. Nyumbani kwake kulikuwa na viti viwili, chake na cha mkewe Peris. Wanaume hawakumtembelea. Walisema mtu anayekula kwa kinywa cha serikali hujui jioni kinywa hicho kinasema nini. Serikali nayo haikumpenda. Mara moja walimpekua mpaka godoro, kwa sababu mtu anayesikia Kikikuyu vizuri namna hiyo huenda anasikia na mengine. Asubuhi moja alikuta paka aliyekufa amefungwa kwenye kitasa cha mlango. Peris alilia. Yeye alimfungua paka, akamzika nyuma ya choo, akanawa, akaenda kazini, na hakuchelewa. Nilimuuliza Peris kama haogopi. Akasema mumewe anaogopa kila kitu tangu jua linapochomoza, ndiyo sababu anapiga viatu rangi.

Huyo Peris hakuruhusiwa kuja mferejini siku ya somo. Alifua Ijumaa. Nilipomuuliza Mkalimani kwa nini anafundisha wake za wenzake na wake anamwacha, alinijibu kwamba mke wa mkalimani akijua Kiingereza, watu watasema na yeye ameajiriwa na serikali. Sikujua nicheke au nimwonee huruma. Nilisuuza shuka.

Katika wanafunzi wake aliyejitahidi kuliko wote alikuwa jirani yangu wa mlango kwa mlango, Wangui. Huyu alizaliwa huko juu Dundori, kwenye shamba la Mzungu, baba yake akiwa mchungaji wa ng'ombe wa maziwa. Emajensi ilipoingia walifukuzwa shambani. Mumewe Mwangi alichukuliwa, akapelekwa kambini, yeye akateremka Bondeni kwa shangazi na watoto wawili, Nyokabi aliyekuwa ameanza tu kukimbia, na kitoto kichanga, Kariuki. Wangui hakuwa mtu wa maneno. Alirudia Kiingereza kwa midomo bila sauti, akimtazama Mkalimani kinywani. Shangazi alipofariki akabaki na kile chumba na mimi.

Kariuki alishikwa na kifua wakati wa baridi ya Julai. Alipumua kama anapanda mlima siku kadhaa, kisha akaacha. Walimzika asubuhi, upesi, bila mazishi ya kusemwa.

Sasa niwaeleze desturi yetu. Pale Bondeni tulikuwa watu wa makabila mengi na kila mmoja alikuja na namna yake ya kulia. Tulikuwa tumepatana moja: mama akifiwa, jiko lake linazimwa. Hapiki, hawashi. Kila mwanamke anakuja na jiko lake la makaa likiwa tayari limeshika moto, analiweka mlangoni kwa mwenye msiba, juu yake sufuria ya chai au ya uji, halafu anaingia ndani kuketi naye. Ukipita ukaona majiko yamepangwa nje yanatoa moshi, unajua. Huulizi. Unakwenda kuleta lako.

Tulifanya hivyo. Ilikuwa mchana, jua linawaka. Tulifikiri kafiu ni ya usiku, na sisi ni wanawake, na ni msiba. Mlango tuliufunga ili kilio kisitoke nje, maana kilio nacho kilikuwa kinasumbua watu wa serikali. Tuliketi chini, Dinah, Rasoa, Marita, Nyambura, mimi, na Wangui katikati, leso kinywani. Majiko tuliyaacha nje yamejipanga. Nani angefikiria kuficha majiko?

Askari waliofika waliyaona hayo majiko kwanza. Walisukuma mlango. Aliyekuwa mkubwa wao alitutazama kwa zamu akiuliza kabila. Sisi wa upande wa magharibi tuliambiwa tuondoke. Marita akajaribu kusema kuna mtoto amekufa, akasukumwa na kitako cha bunduki begani, si kwa nguvu, kama unavyosukuma mlango. Wangui na Nyambura walipandishwa gari. Nyokabi alikuwa kwangu, amelala na Ezra kwenye mkeka mmoja, na hivyo ndivyo alivyobaki. Majiko yote yalipakiwa, na langu likiwemo.

Siku ya kesi nilikwenda. Dinah aliomba ruhusa kwa memsahib naye akaja, tukaketi benchi la nyuma. Majiko yalikuwa yamepangwa sakafuni mbele ya meza ya hakimu, na majivu yetu ndani, na masufuria juu yake. Inspekta Mzungu aliketi kando. Mkalimani alisimama mahali pake, koti limepigwa brashi. Alituona. Hakutikisa kichwa.

Walisoma shtaka, na neno lililokuwemo lilikuwa "meeting". Nililisikia kwa masikio yangu, na nilijua kwamba hilo ndilo la kutoguswa. Halafu Wangui akaulizwa walikuwa wanafanya nini ndani, mlango umefungwa.

Akajibu kwa Kikikuyu. Kikikuyu changu kilikuwa kidogo, lakini jina la Kariuki nililisikia, na mengine Nyambura alikuja kunieleza baadaye. Alisema: mtoto wangu alikufa, tukamzika, na hawa wanawake wakaja tukae pamoja nisilie peke yangu.

Mkalimani alilamba midomo. Najua alikuwa anapekua kabati lake. Akisema walikutana, neno hilo ndilo limetoka kusomwa kwenye shtaka, hakimu ataliandika na kufunga. Tena nilimwona amegeuza uso upande wa Wangui, na uso wake ulikuwa na huruma, hilo nitalisema hata mbele ya Mungu. Akamwambia hakimu kwa Kiingereza kwamba mama huyu amefiwa na mtoto, wakamzika asubuhi hiyo, na mchana walifanya "just a little get-together, sir, with tea".

Hakimu alitazama majiko. Alitazama masufuria, yote hayo. Akalirudia lile neno kumwelekea inspekta, pole pole, kama mtu anayetoa unywele kwenye supu. Kisha akasema kwamba ameketi katika kiti hicho muda mrefu na hajaona mwanamke anayezika mtoto asubuhi na mchana anafanya karamu. Ama hakuna msiba, ama hakuna moyo. Na ikiwa hakuna msiba, basi mkutano ulikuwa wa nini?

Mkalimani aliinua mkono nusu. Akaomba ruhusa, akasema labda neno hilo halikukaa sawa.

Hakimu akamuuliza, "Je, alisema hivyo, au hakusema?"

Niliona kosi la koti lake limelowa. Akisema hakusema, basi yeye ameongeza neno juu ya kiapo, na ameliongezea mwanamke wa Kikikuyu, mumewe yuko kambini. Sote tulijua siku hizo mtu kama huyo analala wapi. Peris alikuwa na mimba.

"Alisema, sir," akajibu.

Baada ya hapo ilikwenda upesi. Nyambura, ambaye hakusema lolote, alipewa kifungo kifupi. Wangui alipewa jela, kisha arudishwe rizavu, lile eneo walilotengewa Wakikuyu, huko Kiambu, mahali ambapo hakuzaliwa wala hakujua mtu, kwa sababu karatasi zilisema Mkikuyu kwao ni huko. Mkalimani ndiye aliyepaswa kumtafsiria hukumu, na aliitafsiri yote. Wangui alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza swali moja. Nyambura aliyekuwa ubavuni mwake ndiye alinieleza. Alimuuliza: umemwambia kwamba mtoto alikufa?

Akasema ndiyo, amemwambia. Na ni kweli alikuwa amemwambia.

Watu huniuliza, mbona unamsema kwa upole. Simsemi kwa upole. Nimejaribu tu kupima, na mizani haitulii. Angetumia lile neno lisilo na chumvi, Wangui angefungwa kwa kukutana. Alitumia lile la chai, akafungwa kwa kutokuwa na moyo. Mpaka hapo sina neno naye. Kilichobaki ni lile jibu lake, na lile ni lake peke yake, maana pale hakuwa anamsemea mtu.

Jumamosi iliyofuata alikuja mferejini kama kawaida, na kitambaa chake. Tulikuwa wengi. Hakuna aliyempa karai. Dinah, hata hakuacha kukamua nguo, akamwambia, "Mwalimu, leo hatujakutana. Tuko tu."

Alisimama pale kitambo, maji yakimwagikia viatu. Kisha akakunja kitambaa akaenda. Hakurudi tena, na Dinah tuliacha kumwita Popini, bila mtu kuamua hivyo.

Aliendelea na kazi ya korti. Walioitwa huko walisema amebadilika, anatafsiri kama mashine, neno kavu kwa neno kavu, na mtu akilia hangoji amalize. Lakini Jumamosi, dirishani kwangu, nilianza kukuta nusu mkate umefungwa kwenye gazeti. Hakubisha hodi hata siku moja. Nilijua ni wa Nyokabi. Sikumshukuru, na mkate tuliula. Peris alijifungua mtoto wa kike, akanipitia siku moja akiwa amembeba, akaniambia usiku mumewe huzungumza usingizini kwa lugha zote na hakuna hata moja anayoimaliza.

Nyokabi alikua kwangu. Jina lake sikulibadilisha, ingawa mama mkwe wangu alipokuja kutoka nyumbani alitaka tumpe la kwetu, na siku za msako nilimfunga mgongoni nikasema ni wangu, ingawa miguu yake ilikuwa inaburuta. Alijifunza Kimaragoli kwa sababu ndicho kilikuwa nyumbani. Aliniita mama kwa sababu Ezra aliniita hivyo. Nilimwambia ana mama mwingine. Alikubali kwa kichwa, kama mtoto anavyokubali ukimwambia kuna mbinguni.

Mwangi hakutoka kambini. Tulisikia hivyo tu, hatukuonyeshwa kitu.

Kisha, muongo ule ukielekea mwisho, vizuizi vikaanza kulegea, na Jumapili moja baada ya kanisa nikamwona mwanamke amesimama mlangoni kwangu. Sikumtambua mpaka alipotaja jina langu. Wangui alikuwa amechimba mitaro ya rizavu mpaka mgongo ukashika umbo la jembe. Meno ya mbele hayakuwepo. Alikuwa amepata kazi ya kuchuma pareto huko huko Dundori, kwenye shamba la jirani ya lile walilofukuzwa, na kibanda cha kulala. Alikuwa amekuja kumchukua mtoto wake.

Nyokabi alikuwa ameanza shule. Alimtazama yule mgeni, akaja akasimama nyuma ya kiti changu.

Kiswahili sote tulikuwa nacho. Lakini Kiswahili chetu kilikuwa cha sokoni na cha mferejini. Cha kumwambia mtoto nilikuzaa hakikuwemo. Wangui alianza, akakwama. Nyokabi hakujibu kwa Kiswahili, akawa ananinong'oneza Kimaragoli sikioni. Mimi ningeweza kubeba maneno ya huku na huku, lakini mtoto mwenyewe alikuwa mkononi mwangu, na Wangui alijua hilo, nami nilijua. Akaketi akafikiri. Kisha akasema, "Niitie yule alinisemea kortini."

Nikamwambia pengine hafai. Nikamwambia habari ya lile jibu la kortini tulikuwa tumeituma mpaka rizavu, najua ilifika. Akasema ilifika. "Muite tu, Mama Ezra."

Mkalimani alikuja na koti lile lile, likimning'inia. Kazi ya korti alikuwa ameachishwa. Ule msimu wa kesi nyingi ulikwisha na wakapatikana vijana. Alivua kofia mlangoni. Alipomwona Wangui alianza kusema neno la kuomba msamaha, kwa Kikikuyu, kwa heshima kubwa, na Wangui akamkata.

"Sikukuitia hiyo. Kaa hapo katikati."

Nikampa kigoda. Aliketi, upande huu mama, upande huu mtoto nyuma yangu. Wangui akazungumza, macho yake yakiwa kwa Nyokabi. Alizungumza muda. Mkalimani hakumkatiza, alingoja mpaka amalize, kisha akageuka na kuyaweka kwa Kimaragoli taratibu, chepesi, vile mtoto anaweza kushika. Mama yako anasema yeye ndiye alikuzaa. Hakukuacha, alitolewa. Ulikuwa na ndugu, Kariuki. Sasa ana nyumba, ni ndogo, ina moto. Amekuja mkae pamoja.

Nyokabi alikuwa anavuta uzi kwenye mgongo wa gauni langu. Niliusikia ukitoka. Alitaka kuninong'oneza, nikamwambia hapana, mwambie mzee. Na nilitazama sakafu, kwa sababu mtoto akiona uso wangu angesoma.

Akamwambia mzee, kwa adabu, kama nilivyomlea: mwambie akuje kututembelea. Akuje Jumapili, kuna chai.

Mkalimani aligeukia upande wa Wangui. Nilimwona midomo ikisogea. Mtu yule alikuwa na neno la kila namna ya watu kuonana katika lugha tano, na alikuwa anayapitia yote, moja moja, akitafuta ambalo lingeuma kidogo zaidi. Alinitazama mimi. Mimi sikumtazama.

"Amesema nini?" Wangui akauliza.

Aligeuza kofia mkononi. Wangui akaweka mkono juu ya goti la Mkalimani, lililofunikwa na koti la korti, mkono mkavu wenye nyufa.

"Mzee. Amesema nini?"

Akamwambia. Kikikuyu changu kilikuwa kimeongezeka kiasi cha kujua kwamba hakuongeza wala hakupunguza, hata chai aliitaja. Wangui alisikiliza. Alifungua leso yake ya kichwani, akaifunga tena, ikakaza. Kisha akageuka kwangu, akaniuliza kwa Kiswahili Jumapili kanisani tunatoka saa ngapi.